Wati mia sita za sebuleni

Kasha la amplifaya yangu limeandikwa wati 600 + 600. Ndani ya kasha hilohilo mna adapta ya volti 12, ampea 3. Aliyepita kidato cha pili hahitaji kikokotoo: 12 mara 3 ni 36. Hizo 1,164 zilizobaki nilimuuliza muuzaji pale Kariakoo, akanijibu bila kupepesa, "Bosi, zinakuja ukishaizoea."

Yenyewe ni kibati cha kuenea kiganjani. Nyaya za spika zinaizidi uzito, kwa hiyo ukizichomeka nyuma, mbele kunainuka. Mke wangu ameitwisha kopo la karanga ili itulie.

Lakini inaimba, msiniulize! Spika zangu ni za zamani, za mbao, zinatoa kama desibeli 88 kwa wati moja tu ukizisikiliza ukiwa mita moja. Hapo kuomba chumvi mezani lazima upaze sauti. Tena ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 basi, kwa hiyo hayo mamia ya kwenye kasha, hata yangekuwepo, ningeyapeleka wapi? Jioni nawapiga Mlimani Park, Sikinde wenyewe, solo na rizimu kila moja unaisikia mahali pake, na vyombo kabatini vimetulia. Umeme ukikatika naihamishia kwenye betri ya sola, mtaa unadhani nimenunua jenereta.

Shida ni Bluetooth. Haina nenosiri, inampokea yeyote anayebisha, na ukuta wa chumba kwa chumba hauizuii.

Jumapili moja wakwe wamekuja, chai iko mezani, Sikinde wanatumbuiza. Mara kimya. Sauti ya kike ikatangaza kwa Kiingereza cha madaha kwamba kifaa kimeunganishwa. Kisha mama mwingine kabisa, kwa Kiswahili safi, akamtaja jirani yangu kwa jina: "Kaka, hela ya kikoba mbona kimya? Mwenyekiti nimemwambia umesafiri, kama ulivyoniomba."

Mama mkwe akashusha kikombe. "Huyu si ndiye aliyetupokea mizigo getini sasa hivi?"

Nikarukia kuipunguza sauti. Kitufe kikang'oka kikabaki mkononi, kopo likapinduka, karanga zikatapakaa hadi miguuni kwa baba mkwe, na ujumbe wa pili ukaanza: "Halafu huyo jirani yako asijue, ana maneno." Wati chache zile, kila neno lilisikika kama taarifa ya habari.

Pamoja na hayo, siibadilishi. Ukienda kununua ya kwako, soma adapta, kasha waachie watoto. Simu iunganishe kwa waya. Na kama unadaiwa kikoba, kabla hujafungua ujumbe wa sauti, hakikisha simu yako haijaingia kwenye sebule ya mtu.