Kinyota Kinachobeba Kila Kitu

Lori linalotoka Njisi kuvuka mto Songwe kwenda Malawi halipiti Kasumulu kwa dereva kusema tu, "Nimepakia vilivyokuwemo ghalani." Forodha wanataka orodha: mchele magunia mangapi, saruji mifuko mingapi, na lile boksi lililofichwa chini ya turubai ni la nani. Watengenezaji wa programu za kompyuta, watu wanaojisifia umakini, wao huvuka bila orodha. Wanapounda kisakinishi, yaani lile faili moja analopakua mteja ili programu ijipange kwenye mashine yake, huandika jina la folda na kuweka kinyota mwishoni: beba kila kilichomo. Kompyuta haina haya, inabeba kweli. Inabeba programu yenyewe, nywila za majaribio, nakala ya hifadhidata yenye majina ya wateja, na "bajeti_ya_harusi_mwisho_kabisa_3", maana hakuna folda ya kazi nchi hii isiyokuwa na bajeti ya harusi.

Anayedhani natia chumvi aikumbuke kampuni ya Electronic Arts. Januari 1999 ililazimika kurudisha kutoka madukani diski za mchezo wake wa gofu wa PlayStation, Tiger Woods 99, kwa sababu aliyeiweka diski kwenye kompyuta ya kawaida alikuta humo faili la video: katuni ya matusi ambamo Yesu anapigana na Santa Claus. Gofu haikuwa na dosari yoyote. Mchezo ulifanya kazi barabara, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa kilichozidi hakimzuii mtu kucheza, hivyo anayejaribu bidhaa hana sababu ya kukitafuta.

Wapo watakaosema orodha ya mkono nayo ni balaa, kwamba binadamu husahau, na programu ya leo ina mafaili maelfu. Ni kweli. Hata WiX, zana maarufu ya kuundia visakinishi vya Windows tangu 2004, iliyokaa miaka mingi bila kinyota ndani ya lugha yake, ilikikubali katika toleo la 5 mwaka 2024. Lakini makosa haya mawili hayalingani. Faili likisahauliwa, programu inagoma kwenye kompyuta ya kwanza ya majaribio na lawama zinafika kabla ya chai ya saa nne. Likizidi, kimya. Tena kinyota hakiongezi tu: mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, nalo linatoweka kwenye kisakinishi kijacho bila mtu kuulizwa. Kwa hiyo mashine na ikusanye, sawa, lakini ikusanye kutoka folda safi isiyofanyiwa kazi na mtu, ichapishe orodha, iilinganishe na ya toleo lililopita, na ikiona tofauti isimame hadi mtu mwenye jina aidhinishe.

Wengine watajitetea kwamba faili moja la ziada halimuumizi mtu. Labda halimuumizi aliye ofisini kwenye intaneti ya mwajiri. Mwenye duka Kyela anapakua kwa bando alilonunua mwenyewe, na megabaiti za bajeti ya harusi ya mtu asiyemjua zinakatwa humo humo, bila hata kadi ya mwaliko.