Kioo Kisichojua Kujieleza

Televisheni ya HDMI ina adabu. Ukiichomeka tu, inajitambulisha kwa data iitwayo EDID, isiyopungua baiti 128: mimi ni fulani, upana wangu huu, kimo changu hiki. Lakini kioo kitupu cha LCD, kile cha waya bapa unaoingia moja kwa moja kwenye bodi ya kompyuta, hakisemi neno. Ni bwana harusi wa kusemewa na mshenga. Mshenga ni faili la maandishi linaloieleza Linux vifaa vilivyomo kwenye bodi, na Linux haichunguzi ukoo: asemalo mshenga ndilo.

Kioo changu kilikuwa cha inchi 7, nukta 800 kwa 480. Nani angedhani hazitoshi? Faili linadai pia nafasi tupu kabla na baada ya kila mstari, na juu na chini ya kila picha, urithi wa televisheni za mirija, ambazo mwale wake ulihitaji muda wa kurudi ulikoanzia. Hivyo 800 inakuwa 1056, 480 inakuwa 525, na kwa picha 60 kila sekunde unapata mapigo 33,264,000 kwa sekunde, pigo moja kwa kila nukta, hata zile tupu. Nilipomwomba muuzaji karatasi ya vipimo, akacheka: "Kaka, kioo ni kioo. We washa tu."

Nikawasha. Picha ikaja imesogea kulia, mwisho wa menyu umekatwa. Nikabadilisha namba, ikakaa sawa, ila nyekundu na bluu zilikuwa zimepeana zamu: mjomba kwenye picha ya harusi kawa bluu uso mzima. Nikamtibu mjomba. Sasa mwanga ukaenda kinyume: nikiongeza unafifia, nikipunguza unaniunguza macho. Nikaongeza hadi mwisho, giza totoro. Mama watoto akapita, akajiona humo, akatengeneza mtandio. "Baba Asha, hiki umenunua cha kunyolea?"

Na programu inayoligeuza faili hilo la mshenga kuwa baiti ambazo Linux inazisoma haina msaada. Sahau nukta mkato moja, itapiga kelele mtaa mzima usikie. Andika kwamba kioo cha inchi 7 kina nukta elfu tisini kwa upana, itapitisha bila hata kukohoa.

Basi ndugu yangu unayekwenda kununua kioo, usianze na bei. Anza na karatasi ya vipimo. Ukiambiwa kioo ni kioo, mwachie mwenyewe ajitazame.