Jinsi ya Kuivuka Julai Ukiwa Shabiki wa Man United Mjini Isiolo

Anza na ukumbi. United wakienda Marekani kujiandaa na msimu, saa kumi na moja jioni ya Los Angeles kwetu ni saa tisa usiku, kwa hivyo mjue mwenye ukumbi mapema. Anayefaa ni yule atakayekufungulia mlango saa hiyo, awashe dikoda, akumiminie chai ya maziwa ya ngamia na asikuulize usingizi wako umeenda wapi. Vaa koti, maana upepo wa Julai hapa hauna huruma, na vumbi lake litakufuata hadi ndani ya kikombe. Kama unatoka Bulla Pesa, tembea na mwenzako, hata akiwa wa Arsenal. Uadui utaanza Agosti.

Ukishakaa, mabao yashangilie, lakini usiyaamini. Mwaka 2014, chini ya Louis van Gaal, tuliichapa Real Madrid 3-1 kule Ann Arbor mbele ya watu 109,318, kisha Liverpool 3-1 mjini Miami. Tarehe 16 Agosti Swansea wakaja Old Trafford wakatufunga 2-1, na siku kumi baadaye MK Dons wa daraja la tatu wakatupiga nne bila jibu. Mwaka 2025, chini ya Ruben Amorim, tukatwaa kombe la kiangazi huko Marekani, Bournemouth akila nne kwa moja. Agosti hiyohiyo Arsenal wakatufunga 1-0 nyumbani, na Grimsby Town wa daraja la nne wakatung'oa kwenye Kombe la Ligi kwa penalti 12-11. Basi jirani akibandika ushindi wa Julai kwenye WhatsApp na kuandika kuwa mwaka huu ni wetu, mpongeze kwa moyo mmoja. Ila usiweke hata shilingi hamsini kwenye mkeka.

Ruhusa ya kushangilia bila kipimo natoa kwa mechi moja tu: ile ya 7 Julai 2019 pale Kasarani, Kariobangi Sharks walipotoka sare 1-1 na Everton na kuwashinda kwa penalti 4-3. Hiyo isimulie hadi wajukuu waikariri.

Cha kutazama kwa makini ni miguu. Usiku wa kuamkia Jumapili 28 Julai 2024 tulicheza na Arsenal katika uwanja wa SoFi. Rasmus Højlund alifunga dakika ya kumi, na muda si mrefu akatoka, msuli wa paja umemsaliti. Kabla ya mapumziko akatoka Leny Yoro, kijana wa miaka 18 ambaye hakuwa amemaliza hata wiki mbili tangu anunuliwe kutoka Lille. Mfupa wa mguu ulikuwa umevunjika. Arsenal walishinda 2-1, na leo hakuna anayeumia moyo kwa sababu ya matokeo hayo. Yoro hakugusa mpira wa mashindano hadi 4 Desemba, na msimu ule tulimaliza nafasi ya 15 na pointi 42. Sisemi yote yalitokana na mguu mmoja. Nasema usiku ule habari ilikuwa mguu, si ubao wa mabao.

Kwa hivyo jifunze kusoma majeraha. Mchezaji akiwa katika mbio kali, hajaguswa na mtu, ghafla akashika nyuma ya paja, hesabu wiki kadhaa. Goti ni balaa zaidi, na hapo weka utani kando. James Maddison wa Tottenham alibebwa kwa machela mjini Seoul tarehe 3 Agosti 2025, kano ya goti imekatika, kwenye mechi isiyo na pointi hata moja. Usimcheke mchezaji wa timu pinzani akibebwa hivyo. Na klabu yako ikitangaza kwamba fulani anafanyiwa vipimo zaidi, mtoe kwenye kikosi chako cha Fantasy usiku huohuo.

Elimu hii ina kazi hapahapa Isiolo. Agosti shule zikifungwa, vijana wetu huingia kwenye mashindano ya mitaa wakitoka moja kwa moja kwenye madawati, bila mazoezi ya kuwarudisha polepole, juu ya ardhi ngumu kama sakafu. Msuli wa paja wa mmoja wao ukichanika, atajitokeza mzee mwenye maji moto na mikono ya nguvu, tayari kukanda. Mzuie kwa adabu: "Mzee wangu, leo bado." Siku mbili za kwanza msuli hautaki moto wala kukandwa. Kimbia dukani, nunua mfuko wa maji yaliyoganda, uviringishe kwa kitambaa, uweke palipouma kwa dakika kama 20, kisha mfunge bandeji ya kuvuta, mguu uinuliwe. Goti likivimba au asipoweza kukanyaga, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na asirudi uwanjani kwa sababu tu amesema hasikii maumivu, hata kama ni fainali na wapinzani ni wa Kulamawe. Akibisha, mkalishe karibu nawe, mpe kazi ya kuhesabu kona.