Bastola ya Marisau: Hoja Nane za Muuzaji, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Ukiingia duka la silaha kule Texas ukasema unatafuta kitu cha kulinda nyumba, usishangae muuzaji akikuwekea mezani Taurus Judge. Ni bastola ya silinda yenye vyumba vitano, virefu kupita kawaida, maana kila chumba kinapokea risasi ya .45 Colt, ile ya tangu 1873, au ganda la marisau la .410, ambalo kwa asili ni la bunduki ndogo za kuwindia ndege na sungura. Smith & Wesson nao walitoa ya kwao mwaka 2011, wakaiita Governor, yenye vyumba sita. Sifa zake zinavuma kuliko matendo yake. Nina ndugu na marafiki Marekani, na yeyote kati yao akiniuliza namwambia asinunue kwa ajili ya kujilinda. Sababu ninazo. Nimepanga hoja za wanaoisifia kuanzia ile nyepesi kabisa hadi ile inayoiuza kuliko zote. Wapenzi wa Judge, sogeeni karibu. Utani upo, lakini kila neno namaanisha.

8. "Mdomo wake tu unamkimbiza mwizi"

Mwizi wa saa nane za usiku hakuja na rula. Gizani hajui kama mtutu uliomwelekea una upana wa milimita 9 au 11. Akikimbia, bastola yoyote ingemkimbiza. Asipokimbia ndipo kazi inapoanza, na hapo upana wa mdomo haukusaidii kitu.

7. "Hata mahakimu wanaibeba"

Hii ina ukweli. Taurus, kampuni ya Brazili, awali waliiita kwa namba tu, 4410. Mwaka 2006 wakapata habari kwamba mahakimu wa Miami, kwenye maeneo yenye uhalifu mwingi, walikuwa wakiinunua ili wajilinde ndani ya mahakama zao, na jina la Judge likazaliwa hapo. Baadaye ikaja ndogo yake, Public Defender. Mahakama nzima imehamia kabatini!

Ila tazama anapokaa hakimu. Yuko juu ya jukwaa, watu wako mbele yake, taa zinawaka, na askari wa mahakama yuko pembeni. Wewe una korido yenye kona, ngazi, na mtoto anayeamka usiku kwenda msalani. Bastola haijui kama imetoka mahakamani, na joho la hakimu halikupi chochote ukiwa na kaptula ya kulalia.

6. "Wazo lenyewe limejaribiwa tangu enzi"

Hapa nawapa wapenzi wa Judge heshima yao, kwa sababu historia hii ni tamu. Mwaka 1856 Jean Alexandre LeMat, tabibu wa New Orleans, alipata hataza ya bastola yenye silinda ya risasi tisa, na katikati ya silinda hiyo akapitisha mtutu wa pili, mnene, wa marisau. Majenerali wa Kusini walikwenda nayo kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, J.E.B. Stuart akiwa mmojawao. Mwaka 1922 kampuni ya Ithaca ikaanza kuuza Auto & Burglar, bastola ya mitutu miwili mifupi ya geji 20, na jina lake lilitaja mteja na adui kwa mpigo mmoja: mwenye gari na mvunja nyumba.

Lakini chunguza mitutu hiyo. Ya LeMat ya marisau ilikuwa laini ndani. Ya Ithaca, laini vilevile. Wazee hawa walijua kwamba marisau yanataka njia iliyonyooka na isiyo na mikwaruzo. Kwa hiyo anayeitetea Judge kwa kuwataja anaita mashahidi watakaomgeuka. Kwa nini mtutu wa Judge si laini? Jibu liko kwenye hoja inayofuata.

5. "Sheria imeiruhusu, basi iko sawa"

Mwaka 1934, Marekani ikiwa imechoshwa na majambazi wenye bunduki zilizokatwa mitutu, Bunge lilipitisha National Firearms Act. Bunduki ya marisau yenye mtutu usiofika inchi 18, yaani kama sentimeta 46, iliwekewa masharti mazito ya usajili na kodi ya dola 200, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Bastola ya marisau yenye mtutu laini nayo ikaingia kwenye wavu huo. Ithaca wakaacha kuitengeneza Auto & Burglar mwaka huohuo.

Judge inapenya wavu kwa njia moja tu: ndani ya mtutu wake imechongwa mifereji inayozunguka, na inakubali risasi ya .45 Colt, kwa hiyo mbele ya sheria ya shirikisho ni bastola ya kawaida. Mifereji hiyo huizungusha risasi moja ili iende sawa. Marisau nayo huyazungusha, na kitu kilicho vipandevipande kikizungushwa hutawanyika kuelekea nje. Wahandisi wamejitahidi, mifereji ya Judge ni ya kina kidogo, lakini tatizo haliondoki. Yaani kitu kinachoifanya iuzwe kihalali ndicho kinachoharibu kazi inayouziwa. Nikifikiria mtu anayelipa mshahara wa wiki nzima bila kuambiwa jambo hili, nakasirika.

Na uhalali wenyewe una mipaka. California wanaihesabu kuwa bunduki fupi ya marisau, na ni marufuku kwa raia. Tena, wewe uliyeko Marekani kwa viza ya masomo au ya matembezi, sheria ya shirikisho kwa kawaida haikuruhusu kumiliki silaha ya moto ya aina yoyote, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni ya uwindaji. Uliza mwanasheria kabla hujauliza bei.

4. "Unachanganya: marisau kwanza, kisha risasi nzito"

Wahenga walishamaliza habari ya mshika mbili. Mpango unaonekana mzuri mezani: chumba cha kwanza marisau madogo, cha pili makubwa, cha tatu .45 Colt, kana kwamba mvamizi naye atafuata ratiba. Usiku wa balaa hutachagua ipi itangulie. Utafyatua iliyo mbele ya mtutu, na kila moja ina teke lake na inagonga mahali tofauti na mwenzake, kwa kilengeo kilekile.

Hiyo .45 Colt nayo inaonewa. Silinda imerefushwa ili kumeza ganda la marisau la inchi 2.5 au 3, wakati risasi nzima ya .45 Colt ina urefu wa inchi 1.6 tu. Inapofyatuliwa lazima iruke sentimeta mbili au zaidi ndani ya chumba kitupu kabla haijakutana na mifereji. Bastola iliyotengenezwa kwa ajili ya .45 Colt peke yake haiipitishi risasi kwenye uwazi huo, na haimbebeshi mwenye nayo mwili mnene namna hii kiunoni. Governor, japo imeundwa kwa aloi nyepesi, ina uzito wa gramu 840 hivi kabla hujatia risasi hata moja.

3. "Kwa nyoka haina mpinzani"

Kweli kabisa! Nampa mkono anayesema hivi. Kwa mfugaji wa Texas au Arizona anayekutana na nyoka wa njuga mlangoni pa banda, marisau madogo kwa umbali wa hatua mbili tatu yanafanya kazi safi, na kule kutawanyika tulikokulalamikia kunageuka msaada. Marisau hayo hayaendi mbali kama risasi moja, ingawa kwenye mawe bado yanarudi, kwa hiyo vaa miwani. Kama nyoka yuko njiani na wewe una miguu, rudi nyuma umpishe. Kama yuko zizini kwa ndama, hapa Judge imepata kazi yake halali, na ningependa waiuze kwa sifa hii tu.

2. "Marisau hayatoboi ukuta, kwa hiyo familia iko salama"

Twende tena Miami, mji ulioipa Judge jina. Tarehe 11 Aprili 1986 maofisa wa FBI walipambana huko na majambazi wawili wa benki. Maofisa wawili walikufa, watano wakajeruhiwa. Mmoja wa majambazi alipigwa mapema risasi iliyopita mkononi, ikaingia kifuani, ikasimama kabla ya kufika moyoni. Aliendelea kufyatua kwa dakika kadhaa. Kutokana na siku hiyo FBI walitafuta kipimo kipya: risasi ya kujilinda iingie kwenye gelatini ya majaribio angalau inchi 12, kama sentimeta 30, na isizidi 18.

Sasa pima marisau madogo ya .410 yaliyotoka kwenye mtutu wa inchi tatu. Hayafiki hata nusu ya kipimo hicho. Yanachubua, yanatia uchungu, yanamwaga damu nyingi ya juujuu, na mtu mwenye hasira au aliyelewa dawa anaweza kuendelea kuja. Badili uweke marisau makubwa yanayofikia kipimo: hayo yanapenya ukuta wa jipsamu na kwenda chumba cha pili. Risasi yenye nguvu ya kumzuia mtu ina nguvu ya kupita jipsamu. Hakuna ganda, la bei yoyote, linalojua tofauti kati ya mwizi na mwanao aliyelala upande wa pili. Kabla ya silaha, tazama nani analala wapi, na ukuta upi uko nyuma ya mlango utakaoulenga. Kazi hiyo haina gharama na hakuna muuzaji atakayekufanyia.

1. "Huhitaji kulenga"

Hii ndiyo hoja mama. Inaambiwa wanawake, inaambiwa wazee, inaambiwa kila ambaye hajawahi kushika silaha: elekeza tu, marisau yatatafuta yenyewe. Ni uongo, na mtu anaweza kufa kwa kuuamini.

Ndani ya nyumba umbali ni mita tatu, nne, tano. Ganda fupi la .410 la kujilinda lina marisau makubwa manne. Kwa umbali huo bado yamekaribiana; ukikosa kwa shibiri, yote manne yamekosa pamoja nawe. Ukiwa mbali zaidi yanaachana, lakini hapo moja linampata, la pili linamparuza, na mengine mawili yanaendelea na safari kuelekea kwa jirani, na kila moja ni lako kisheria hadi litakaposimama. Marisau madogo ndiyo mabaya zaidi: mifereji ya mtutu huyasukuma pembeni mpaka yanaacha duara lililo wazi katikati, palepale ulipolenga.

Linganisha na bunduki ndefu ya geji 12, yenye mtutu halali wa inchi 18: marisau makubwa manane au tisa kwa kasi inayokaribia mita 400 kwa sekunde, na kitako begani. Ganda la .410 lililoundwa kwa bastola hizi linatoa manne, kwa mita 260 hivi, kwa mikono tu. Na hata hiyo ndefu, mwenye nayo lazima alenge. Asiyeweza bunduki ndefu achukue bastola ya milimita 9, au silinda ya .38 ya kawaida, fedha iliyobaki anunue risasi na masomo, na kabati la chuma ambalo watoto hawalifungui.

Na kama Judge tayari iko nyumbani? Usiitupe. Nenda nayo uwanja wa shabaha, na karatasi yenye umbo la mtu. Fyatua marisau makubwa ukiwa mita tatu, kisha tano, kisha saba, ukibadilisha karatasi kila mara, na uzungushie kalamu kila tundu lililo nje ya kifua. Rudia yote kwa .45 Colt tano. Panga karatasi zote sakafuni, mwite na anayelala chumba cha pili azione, halafu njoo tubishane.