Corolla ya Zamani Kupewa Herufi E

Corolla yako ya mwishoni mwa miaka ya 1980 ina injini ya 4A-F, ya kabureta. Ya jirani ni 4A-FE. Hiyo E ndiyo mfumo wa nozeli unaoendeshwa kwa umeme, yaani EFI, na ndiyo inayokukosesha usingizi. Nenda kwenye spea za Gerezani, Dar es Salaam, ukanunue nozeli nne, manifoldi yake na kontroli boksi. Muuzaji atakata nyaya zote kwa kisu. Mshukuru: fundi rewaya naye ana watoto wa kusomesha.

Pampu usibadili. Ni kweli ya kabureta husukuma mafuta kwa psi 3 hadi 5 hivi, na nozeli zinataka karibu 40, lakini una mashemeji wenye nguvu. Watasukuma wao. Tangi nalo liache na kutu yake.

Sasa thamostati. Fundi wako aliing'oa zamani, kwa hoja kwamba Dar es Salaam si Ulaya. Kabureta ilivumilia. Kontroli boksi haivumilii: inasoma joto la maji ya injini kupitia sensa, na maji yasipopata moto wa kutosha, inaamini gari limewashwa sasa hivi, alfajiri, kwa hiyo inaongeza mafuta. Utatoka Ubungo hadi Kibaha na injini inayolishwa kama mzazi wa juzi. Plagi zitakuwa nyeusi, ekzosi itanuka petroli, nawe utatangaza kijiweni kwamba EFI zinakunywa sana. Thamostati usiirudishe. Ni kifaa cha bei ndogo mno kuwa ndicho chanzo, na fundi ameshakwambia tatizo ni kontroli boksi. Anayo nyingine, ya mshikaji wake.

Sensa ya oksijeni ifungwe baada ya lile tobo la ekzosi. Hewa ya nje ikivutwa pale, sensa itaripoti kwamba mafuta hayatoshi, na boksi, kwa utii wote, litaongeza tena.

Imebaki hozi ya mafuta. Tumia ile ile ya kabureta, uikaze kwa waya wa kufungia nondo. Ikiwa ulipuuza ushauri wangu ukanunua pampu ya presha, hozi hiyo itapasuka, na itachagua kupasukia juu ya ekzosi ya moto. Mtungi wa kuzimia moto, ule unaomwonyesha trafiki kila anapokusimamisha, safari hii uwe na kitu ndani.