Muuaji Alikuja Ndani ya Kitabu

Mfyuu! Kijana mmoja hapa kijiweni Ruangwa katusimulia riwaya ya kigeni tangu kahawa ya moto mpaka birika likapoa: muuaji wa kukodiwa, falme mbili vitani, panga zinazowaka zenyewe. Hadithi tamu, simkatazi. Kilichonichoma ni pale aliposema kwetu Kusini hakuna mambo ya namna hiyo.

Hakuna? Mwanangu, panda gari hadi Nachingwea, jirani tu hapo, uulize shamba lililoitwa Farm 17. Waingereza walikuja na mradi wao wa karanga mwaka 1947, ukawafia mikononi. Enzi za Mwalimu Nyerere, FRELIMO, chama cha wapigania uhuru, wakapewa kambi huko, Samora Machel akawanoa vijana wa Msumbiji waliovuka Ruvuma kupigana na Mreno.

Sasa muuaji. Tarehe 3 Februari 1969, Dar es Salaam, Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, aliyeacha ualimu wa chuo kikuu Marekani akaja kuongoza vita, alichukua barua zake akaenda nazo nyumba moja ya Oyster Bay. Kati ya vifurushi kulikuwa na kitabu. Alipokifungua kikamlipukia. Kitabu, jamani! Aliyekitega hakushika upanga wala hakuonekana. Vidole vikaelekezwa kwa PIDE, polisi wa siri wa Mreno, na minong'ono ikaingia hadi ndani ya chama. Hakuna aliyehukumiwa kwa kifo kile mpaka leo.

Hebu fikirieni kukaa kambini baada ya hapo, hujui nani mwenzako na nani kanunuliwa. Mwaka 1975, hapo hapo Nachingwea, Uria Simango, aliyekuwa makamu wa Mondlane, alisimamishwa mbele ya umati akasomeshwa maungamo marefu. Baadaye aliuawa Msumbiji bila kufikishwa mahakamani. Nani amtungie mtu mkasa mzito kuliko huo?

Vita ya Majimaji ilipata tamthilia yake, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Elvis Musiba akatupa Willy Gamba wa kupambana na maadui wa ukombozi. Nachingwea nayo inastahili riwaya nene, iliyoandikwa na mtoto wa huku anayejua harufu ya mabibo na vumbi la barabara zetu.

Wewe unayesimulia vizuri hivyo, nunua daftari. Wazee waliowaona wapiganaji wale kwa macho wanazidi kupungua. Nenda kawaulize mwaka huu.