Sifa Zake Gemu la Kila Septemba

Washika pedi wote, naomba tusimame. Leo tunamsifu ndugu yetu anayetukanwa kuliko refa: gemu la mpira la kila mwaka.

Watu wanalalamika kwamba halibadiliki. Haya, katika dunia hii ya vigeugeu mmemwona nani mwingine mwenye msimamo? Tangu kampuni ya EA ilipoanza na gemu la FIFA mwaka 1993, Krismasi haijawahi kufika bila toleo jipya. Mwaka 2023, baada ya kuachana na shirika la FIFA, gemu likaitwa EA Sports FC, na wenye roho nyepesi tukadhani sasa litageuka. Wapi! Talaka ilitoka, vyombo vya ndani vikabaki palepale.

Kilele cha uaminifu wake kilionekana kwenye Nintendo Switch. FIFA 20 ilipokuja, EA walisema waziwazi kwamba uchezaji ni uleule wa FIFA 19. Vipya ni jezi, timu na vikosi. Wakaliita toleo la urithi. Urithi! Kama minazi ya babu: hupandi mche, unaangua tu. Wakaendelea kuangua mpaka FIFA 23. Fundi cherehani akikurudishia kanzu yako ya mwaka jana, kabadilisha vifungo, halafu akudai bei ya kanzu mpya, utamfukuza na futi yake shingoni. Huku sisi tulipanga foleni.

Anayetaka mabadiliko akawaulize Konami. Gemu lao la mpira, PES, lilikuwa na mashabiki wa kufa na kuzikana. Mwaka 2021 wakafuta jina, wakabadilisha injini, wakaleta eFootball, tena bure. Messi na Ronaldo wakatokea na sura ambazo mama zao wangezikana. Konami ikabidi waombe radhi. Na sisi tuliopiga kelele miaka yote tukitaka jipya, tukaanza kulilia la zamani. Shabiki wa gemu ni mgeni anayelalamikia wali kila siku. Siku ukisonga ugali anauliza wali uko wapi.

Gemu la EA nalisifu pia kwa kutufunza kuidharau mali. Kwenye kipengele chake cha Ultimate Team unanunua pakiti za kadi kwa pesa halisi bila kujua ndani yumo nani: pengine Mbappé, pengine beki wa akiba ambaye hata kwao hawamjui. Septemba ikifika, kikosi chote ulichokijenga kinabaki ng'ambo ya pili, unaanza upya na mikono mitupu. Masheikh na wachungaji hutuambia kila wiki kwamba vya dunia vinapita, ila wao hawatuuzii pakiti. Wabelgiji hawakulielewa somo hili, wakaliita kamari. Tangu mwisho wa Januari 2019 pointi za kununulia kadi hizo haziuzwi kwao.

Lakini baraka zake kubwa ziko kwenye vibanda vya gemu. Kwa kuwa pasi, kona na mashuti ni yaleyale, PS iliyochakaa inaendelea kulisha familia. Mwenye kibanda mtaani kwetu bado anachezesha toleo ambamo Ronaldo yuko Real Madrid, na sijamwona mteja aliyedai arudishiwe hela.

Jana nimefungwa humo nne bila na mtoto wa darasa la saba. Toleo jipya ni dola 70. Nimeshaanza kudunduliza.